Mto Mbaka ukirudi kila masika: nani aamue, na kijiji kijifunze nini?

Msomaji mmoja, ambaye ni katibu wa kamati ya maafa katika kijiji kilicho kando ya Mto Mbaka wilayani Kyela, ameniandikia kwamba maji ya mto huo huingia mashambani na majumbani karibu kila masika, hasa kati ya Machi na Mei. Wataalamu huja, semina hufanyika, picha hupigwa, na mwaka unaofuata maji hurudi palepale. Anauliza, kwanza, ni nani hasa mwenye mamlaka juu ya mto, kwa kuwa kila ofisi anayoiendea humwelekeza kwa nyingine. Pili, anauliza hayo mafunzo ya "kujifunza kwa pamoja" yana faida gani kwa mkulima ambaye mpunga wake umelala chini ya tope. Mwishoni anaongeza kwamba kijiji kimeahidiwa tuta, naye anataka kujua kama walipokee.

Ndugu katibu, nianze na mto wenyewe, kwa kuwa ofisi zote nitakazozitaja zinahangaika na tabia yake. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka miinuko ya Rungwe na Busokelo, ambako sehemu nyingi hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hadi Ziwa Nyasa ambalo uso wake uko chini ya meta 500 kutoka usawa wa bahari. Huko juu maji hukimbia kwenye mabonde yenye mteremko mkali. Yakifika Kyela ardhi inalala ghafla, kasi inapotea, na mchanga uliobebwa kutoka milimani unatua kwenye sakafu ya mto. Kina kinapungua mwaka hadi mwaka, kingo zinashindwa kuyabana maji, na mto unatafuta njia nyingine, mara nyingi mkondo wa zamani ambao wazee wanaukumbuka na vijana wameujengea. Ikiwa ziwa nalo limejaa, maji ya mto hukosa pa kutokea upesi, na mafuriko hukaa siku nyingi zaidi. Tambarare yote hiyo iliumbwa kwa namna hii, na udongo unaoupa mchele wa Kyela sifa yake uliletwa na maji hayo hayo mnayoyalalamikia. Kwa hiyo anayewaahidi kuyakomesha mafuriko kabisa hajautazama mto. Swali la kweli ni maji yapite wapi, yawakute watu wakiwa wapi, na nani abebe hasara pale ambapo hasara haikwepeki.

Sasa nije kwenye mamlaka. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, yamekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini wa wananchi, na kwa upande wenu yanasimamiwa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa yenye ofisi zake Tukuyu. Jirani zenu wa Usangu na Pawaga wako chini ya Bodi ya Bonde la Rufiji, yenye makao Iringa. Ukingo wa mto una sheria nyingine: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia, ndani ya meta 60, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya mto. Ardhi iliyo nje ya ukanda huo, ikiwa ni ardhi ya kijiji, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Barabara inayokatiza tambarare pamoja na makalavati yake ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa. Skimu za umwagiliaji ziko chini ya Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Utabiri na tahadhari hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Maafa yenyewe yana Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022, ambayo inaunda kamati kutoka ngazi ya taifa hadi kijiji, na ndiyo inayoipa kamati yako uhalali.

Utaona basi kwamba maofisa waliokuelekeza kwingine hawakukudanganya. Kila mmoja ana kipande chake. Kasoro iko mahali pengine, nami naomba uishike kwa sababu jibu langu lote linaiegemea: kamati za maafa zinafuata mipaka ya kiutawala, ilhali maji yanafuata bonde. Mto Mbaka unaanzia katika ardhi ya halmashauri moja na kumwaga maji yake katika ardhi ya halmashauri nyingine. Kamati ya maafa ya Kyela haina uwezo wa kumwita mkulima wa mteremkoni Rungwe aeleze kwa nini amelima hadi kwenye ukingo, wala mkulima huyo hana sababu ya kujua kwamba udongo unaohama shambani kwake ndio unaoipandisha sakafu ya mto kijijini kwenu. Chombo kinachofuata bonde kipo katika sheria ile ya 2009, nacho ni kamati za vidakio, yaani maeneo yanayokusanya mvua na kuimwaga katika mto mmoja, na jumuiya za watumia maji. Lakini jumuiya nyingi zimezoea kuitwa wakati wa kiangazi kugawana maji machache. Zinapaswa kuitwa pia kuzungumzia maji mengi, na hakuna kifungu kinachozizuia.

Kuhusu kujifunza, naelewa uchungu wako. Katika kijiji kimoja cha tambarare niliomba kuonyeshwa kumbukumbu za mafuriko, nikaletewa daftari la mihtasari lenye jalada gumu, limetunzwa vizuri kabatini. Kurasa nyingi zilikuwa na majina ya kaya zilizopokea unga, maharage, mablanketi na ndoo, kila jina na sahihi yake au alama ya dole gumba. Hakukuwa na mstari hata mmoja unaosema maji yalianza kuvuka ukingo mahali gani, saa ngapi, yalifika kimo gani kwenye ukuta wa shule, au njia ipi ilifungwa kwanza. Mwaka uliofuata mwenyekiti alikuwa mwingine na mtendaji alikuwa amehamishwa. Kijiji kile kilikuwa kimefurika mara nyingi, lakini kila mara kilianza upya kama kijiji kigeni.

Hapo ndipo ninapoitofautisha semina na kujifunza. Semina humfundisha mtu mmoja mmoja, naye akihama huondoka na alichofundishwa. Kujifunza kwa pamoja, kama wataalamu wa usimamizi wa mito wanavyokuelewa, ni pale watu wenye maslahi yanayogongana wanapokaa mbele ya tatizo moja hadi kila mmoja aone sehemu yake ndani yake, kisha utaratibu ubadilike: sheria ndogo, ramani ya matumizi ya ardhi, ratiba ya kuzibua makalavati, namba ya simu ya kupigiwa usiku. Kama baada ya vikao hakuna utaratibu hata mmoja uliobadilika, basi watu wamekutana tu. Mimi hupima hivyo, na nakushauri upime hivyo hata pale mgeni anapokuja na bango zuri.

Mfano bora ninaoujua hautoki mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza walikuwa wakifanya kazi Usangu, wakati ambapo Mto Ruaha Mkuu ulikuwa umeanza kukauka kila kiangazi. Walitengeneza ubao mkubwa wa mbao ulioinamishwa, wenye mfereji mrefu wa kati unaowakilisha mto na vifereji vya pembeni vinavyowakilisha mifereji ya skimu. Gololi ndizo zilizokuwa maji, na mashimo madogo ndiyo yaliyokuwa mashamba. Wakulima walizunguka ubao, kila mmoja akiwa na vijiti vidogo vya kuzuia, na gololi zilipoachiwa kutoka juu, aliyekaa juu alizikinga akajaza shamba lake, huku wa chini wakibaki na mashimo matupu. Kisha walibadilishana nafasi. Mtu aliyekuwa juu alipojikuta chini, akizitazama gololi zikiishia kwa mwenzake, mazungumzo yalibadilika bila mtaalamu kuhubiri. Baada ya mchezo watu waliketi kujadili zamu, mabanio ya kuingizia maji mferejini, na nani asimamie.

Mchezo ule ulihusu uhaba, lakini unageuzwa kwa urahisi kuwa wa mafuriko. Mwachie aliye juu gololi nyingi kwa mkupuo mmoja, mwambie kila mchezaji azifukuze kutoka kwenye shamba lake, na utaona zote zikimwangukia wa mwisho. Ubao kama huo seremala yeyote wa Kyela mjini anaweza kuuchonga. Nisingeandika haya kama burudani ya kikao. Mkulima wa mlimani na mkulima wa tambarare wanapozungumza kwa maneno tu, kila mmoja huja na lawama zake tayari, lakini wanapotazama kitu kimoja mezani, lawama hupata mahali pa kuwekwa na kupimwa.

Tuje kwenye kazi zilizo ndani ya uwezo wa kamati yako. Ya kwanza ni habari. TMA hutoa angalizo na tahadhari kwa rangi, manjano, machungwa na nyekundu, lakini taarifa hiyo huhusu mkoa au ukanda, wala haiwezi kusema kitongoji chenu kitafikiwa saa ngapi. Anayeweza kusema hivyo ni mtu aliye juu ya mto, anayeuona ukipanda, na mtu wa chini anayejua kwamba ukifika kimo fulani kule darajani, baada ya muda fulani maji huwa kwenu. Katika mito mifupi na yenye mteremko mkali kama hii, nafasi hiyo ni ya saa chache, si siku. Ombeni Bodi ya Bonde iwasaidie kuweka nguzo ya kupimia kina mahali panapofikika, yenye mistari iliyopakwa rangi ambayo hata mwanafunzi anaweza kuisoma, na mkubaliane na kijiji kimoja cha Rungwe au Busokelo kuwa na wasomaji wawili wa kudumu, ili mmoja akisafiri mwingine awepo. Wasomaji hao wapewe vocha ya simu. Ni gharama ndogo, lakini nimeona mipango mizuri ikifa kwa sababu hakuna aliyefikiria nani atalipia simu ya saa nane usiku.

Pili, daftari. Kila tukio liandikwe wakati bado tope ni bichi: siku, saa, mahali maji yalipovuka kwanza, kimo chake kwenye jengo linalojulikana, njia iliyofungwa, mifugo na mashamba yaliyopotea, choo na kisima vilivyozama, maana kipindupindu huja nyuma ya hivyo viwili. Wazee waitwe waonyeshe mikondo ya zamani, nayo ichorwe kwenye ramani ya kijiji hata kama ni kwa kalamu. Ramani hiyo ndiyo itakayowapa nguvu wakati wa kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria Na. 6 ya 2007. Mkondo wa zamani ukishaandikwa kuwa eneo la malisho au mpunga, na mkutano mkuu wa kijiji ukaridhia, hakuna mwenyekiti ajaye atakayegawa viwanja pale bila watu kuhoji. Sheria ndogo ya kijiji ikipitishwa na kuthibitishwa na halmashauri ya wilaya huwa na nguvu kamili ya kisheria, na ndiyo aina ya kumbukumbu isiyohama na mtendaji.

Kuhusu zile meta 60, nitasema wazi kwamba kulitumia katazo peke yake hakujawahi kuokoa ukingo niliouona mimi. Mtu ambaye ekari yake yote iko ndani ya ukanda huo hatang'oa migomba yake kwa sababu ya bango. Mahali ambapo kijiji kimekubaliana kwamba ukanda huo upandwe matete na mianzi, na mwenye eneo ndiye avune mianzi hiyo kwa kujengea au kuuza, ukingo unashika. Kule juu, milimani, hoja ni ileile kwa sura nyingine: makinga maji, nyasi za kontua, na kutolima vinyungu, yaani bustani za bondeni, hadi kwenye mdomo wa mto. Nani awashawishi wa kule? Wenzao, wakishakaa kwenye ubao wa gololi pamoja na ninyi, wataeleweka kuliko ofisa yeyote, mimi nikiwemo.

Nisikupe matumaini yasiyo na mpaka. Msumbiji, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 2000, wilaya ya Búzi ilijenga mfumo wa tahadhari unaoendeshwa na wanakijiji wenyewe, wenye vipimo rahisi vya mvua na vya kina cha mto na taarifa zinazopitishwa kwa redio za mawasiliano kutoka juu hadi chini. Mfumo huo ulisaidia watu kuondoka mapema katika mafuriko yaliyofuata. Kimbunga Idai kilipoingia Machi 2019, maji yaliizidi wilaya ile, na vijiji vizima vilizama. Wanaosema kwa hiyo mfumo haukufaa wanakosea. Unafaa kwa mafuriko ya kila mwaka na ya kila miaka michache, na kwa yale makubwa mno unahitaji mkono wa taifa nyuma yake: boti, helikopta na mahali pa juu palipoandaliwa. Kamati ya kijiji isibebeshwe jukumu la serikali kwa jina la ushirikishwaji.

Jambo hili la nani abebe nini linastahili kusemwa kwa sauti. Uholanzi, mwaka 1995, watu wapatao 250,000 walihamishwa kwa muda mito ilipotishia kuvunja matuta, na baada ya hapo nchi hiyo, iliyozoea kuinua matuta kwa karne nyingi, ilianza kuirudishia mito nafasi yake. Sehemu moja iliyochaguliwa kupokea maji ilikuwa na wakulima wa ng'ombe wa maziwa. Wakulima hao hawakungoja kuhamishwa. Walileta pendekezo lao kwamba mashamba machache yainuliwe kwenye vilima vya udongo, wengine wahame kwa fidia, na maji yapite. Pendekezo lao likakubaliwa. Fedha zao hatuna, na sisemi tuwaige kwa majengo. Ninachokitazama ni kwamba walioombwa kupoteza ndio waliochora ramani, na fidia ilijadiliwa kabla ya tingatinga kufika. Kwetu mara nyingi watu huambiwa "hameni mabondeni" siku maji yanapoingia, bila kuonyeshwa pa kwenda, kisha wanalaumiwa kwa ukaidi wanaporudi. Wanarudi kwa sababu shamba liko pale, na familia haili ushauri.

Nimeulizwa na wengine kuhusu Mto Songwe, ambao una ugumu wa ziada kwa kuwa ni mpaka wa Tanzania na Malawi na hubadili mkondo wake pale chini. Huko nchi hizo mbili zilisaini mkataba mwaka 2017 wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde. Bwawa linalopangwa kudhibiti mafuriko ni kazi ya serikali, lakini kupigiana simu maji yanapopanda ni jambo ambalo Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga, ambao lugha na udugu wao ni mmoja, wanaweza kulifanya bila kungoja zege.

Sasa tuta. Lipokeeni kwa masharti, na masharti yaandikwe kabla ya mkandarasi hajaleta kifusi. Ulizeni maji yatakayozuiwa kwenu yatakwenda wapi; kama jibu ni kijiji cha ng'ambo, basi kijiji hicho kiwe kwenye kikao. Ulizeni mvua itakayonyesha nyuma ya tuta itatokaje, kwa kuwa tuta lisilo na milango ya kutolea maji huugeuza upande wa ndani kuwa bwawa. Ulizeni TARURA kama makalavati ya barabara yenu yatapanuliwa sambamba na kazi hiyo, au mtajengewa kuta mbili zinazoshindana. Zaidi ya yote, ulizeni ni kifungu kipi cha bajeti, cha ofisi ipi, kitakacholikarabati kila mwaka. Kilosa, katika mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja tuta lililokuwa likiukinga mji, na waliopata hasara kubwa ni wale waliojenga karibu wakiamini wako salama. Tuta lisilo na mlezi ni hatari kuliko ukingo mtupu, kwa sababu linawafundisha watu kujenga mahali ambapo wazee walikataza.

Ikiwa masharti hayo yatakosa jibu, ombeni fedha hiyo itumike kwanza kuinua zahanati, darasa moja la kukimbilia na visima, nayo halmashauri ibaki na deni la tuta kwa maandishi. Barua ya kuomba kikao cha pamoja iandikeni mara mpunga unapovunwa, Juni au Julai, iende Bodi ya Bonde Tukuyu, nakala kwa wakurugenzi wa halmashauri zote ambazo Mbaka unapita na kwa meneja wa TARURA wa wilaya, ikiwa na kurasa zenu za daftari na ramani ya mikondo. Mkingoja hadi Machi, mwaka wa fedha utakuwa unaelekea ukingoni na bajeti ya unaofuata itakuwa imekwisha kupangwa bila kijiji chenu.